Build-tools 34.0.0 "imeharibika" kila nikiisakinisha upya, na sasa nina folda ya latest-2

upepo_wa_kusi aliuliza:

Wakuu, salaam. Naombeni msaada, leo siku ya tatu nazunguka palepale.

Nimekabidhiwa programu ya Android iliyoandikwa na mwenzetu ambaye hayupo tena kwenye timu. Msimbo wenyewe naufahamu, ameuandika kwa utulivu, na watu wanaitumia kila siku. Tatizo ni kwamba haijaguswa tangu 2021. Ina Gradle 6.7.1 (zana ya kujenga programu) na plagini yake ya Android toleo 4.2, compileSdkVersion (toleo la Android inalojengewa) ni 30. Sasa nataka kutoa toleo jipya na nimeambiwa lazima lilenge API 35, yaani Android 15.

Laptopu yangu ni ya Windows, diski ya 128GB ambayo imebaki na 9GB tu. Kwa sababu hiyo sikuweka Android Studio. Natumia mstari wa amri peke yake, na SDK, yaani vifaa vya kutengenezea programu za Android, iko C:\Android\Sdk.

Nilianza kwa `sdkmanager --list`, zana ya kusakinisha vipande vya SDK. Nikaona build-tools 34.0.0, nikaisakinisha, kisha kwenye build.gradle nikafuta "30.0.2" mbele ya buildToolsVersion nikaandika "34.0.0". Nilipojenga nikapata hivi:

```
Build-tool 34.0.0 is missing DX at C:\Android\Sdk\build-tools\34.0.0\dx.bat
Installed Build Tools revision 34.0.0 is corrupted. Remove and install again using the SDK Manager.
```

Nikafanya kama ujumbe ulivyosema: nikaondoa, nikapakua upya. Yaleyale. Nikafikiri mtandao ulikatika katikati ya kupakua, nikarudia usiku mtandao ukiwa umetulia. Yaleyale. Mara ya tatu nilikaa naangalia asilimia zikipanda mpaka mia, na ujumbe ukarudi neno kwa neno.

Hapo nikahisi huenda sdkmanager yenyewe ndiyo ya zamani. Nikapiga `sdkmanager --update`. Ikapakua mambo mengi, na tangu hapo kila amri inaanza na onyo hili:

```
Warning: Observed package id 'cmdline-tools;latest' in inconsistent location 'C:\Android\Sdk\cmdline-tools\latest-2' (Expected 'C:\Android\Sdk\cmdline-tools\latest')
```

Nikabadilisha PATH (orodha ya folda ambamo Windows hutafuta amri) ielekee latest-2\bin. Sasa sdkmanager inagoma kabisa, inasema imetengenezwa kwa Java mpya zaidi, 61.0, na yangu inaishia 55.0. Nikaweka Java 17. sdkmanager ikakubali, lakini gradlew ikaanza kulia "Unsupported class file major version 61". Nikirudi Java 11, gradlew inarudi kwenye lile kosa la dx na sdkmanager inagoma. Nikienda 17, ni kinyume chake.

Naomba mnisaidie mambo mawili. Hii build-tools inaharibikaje mara tatu mfululizo? Na hiyo latest-2 niifute, au nikifuta nitabomoa zaidi?

---

radi21 alijibu:

Pole sana dada. Hilo la dx lilinikuta na mimi. Ingia folda ya build-tools\34.0.0, nakili d8.bat uipe jina dx.bat. Kisha ingia lib, nakili d8.jar uipe jina dx.jar. Jenga tena. Kwangu ilichukua dakika moja na ikapita.

---

jiwe_la_msingi alijibu:

Dada upepo, build-tools yako ni nzima. Ilikuwa nzima mara zote tatu. Nakuomba urudi kwenye ule ujumbe, uache mstari wa pili na usome wa kwanza: dx.bat haipo. Haipo kwa sababu haikuwekwa, na haitawekwa hata ukiipakua mara mia.

Ilikuwa hivi. Zamani kazi ya kugeuza faili za class za Java ziwe dex, yaani lugha ambayo simu ya Android inaielewa, ilifanywa na zana iitwayo dx. Ikaja d8 kuchukua nafasi yake, na kuanzia 2018 d8 ndiyo ikawa chaguo la kawaida. Kwa miaka kadhaa dx iliendelea kukaa kwenye kifurushi, mpaka build-tools 31 ilipotoka bila dx. Plagini yako ya 4.2 ni ya kabla ya hapo. Kabla ya kujenga inapita kwenye folda na orodha mkononi: aapt ipo, zipalign ipo, d8 ipo, dx... haipo. Ikikosa kitu kimoja inahukumu kwamba kifurushi kimeharibika na kukuambia ukisakinishe upya. Ushauri huo ulikuwa sahihi siku ulipoandikwa. Kwa build-tools mpya unampeleka mtu kwenye mzunguko usioisha, na wewe umeutembea kwa siku tatu.

Radi21, nakuheshimu na najua njia yako inafanya kazi. Inafanya kazi kwa sababu mkaguzi anaangalia jina la faili tu. Lakini sitamshauri mtu anayerithi mradi aifanye, na nieleze kwa nini. Kuna timu niliyojiunga nayo ambayo mashine ya kujengea matoleo ilikuwa na dx.bat ya namna hiyo. Aliyeiweka alishaondoka. Mashine ikasafishwa, SDK ikasakinishwa upya kwa namba zilezile za matoleo, na usiku wa kutoa toleo kila kitu kikagoma. Tulilinganisha build.gradle ya jana na ya leo, herufi kwa herufi, tukakuta ni ileile. Tofauti ilikuwa kwenye folda ambayo haimo kwenye hazina ya msimbo, kwa hiyo hakuna mahali popote ilipoandikwa. Tuliigundua alfajiri, kwa bahati, mmoja wetu alipofungua laptopu yake ya zamani. Tangu siku hiyo sigusi faili iliyo ndani ya SDK kwa mkono wangu. Nikihitaji badiliko, linaandikwa ndani ya mradi ambako mwenzangu ataliona.

Sasa nikueleze ninavyoiona SDK, maana naamini chanzo cha shida yako kiko hapo. Tunaisema "SDK" kama kitu kimoja, kisha tunataka kukisasisha chote kwa pamoja. Si kitu kimoja. Ni vipande, na kila kipande kinafuata mwendo wake.

platform-tools, ambako adb (zana ya kompyuta kuongea na simu) inakaa, isasishe wakati wowote. Toleo jipya linaongea na simu za zamani, na linakuwepo moja tu kwa wakati mmoja.

platforms ni kinyume. Ukiandika compileSdk 35 unahitaji `platforms;android-35`, na si 34 wala 36. Zinakaa pamoja bila kugombana, kila moja kwenye folda yake.

build-tools nazo zinakaa nyingi kwa pamoja, na hapa ndipo wengi tunapojikwaa. Anayechagua ni plagini ya Android iliyomo kwenye mradi. Kila toleo la plagini limekuja na namba yake ya build-tools, iliyojaribiwa nalo. Ukiandika buildToolsVersion kwa mkono unaiondolea plagini chaguo lake. Ushauri wangu: futa mstari huo kabisa. Ungekuwa umeufuta tangu mwanzo, 4.2 ingetafuta 30.0.2 yake na usingeliona lile neno "corrupted".

Emuleta (simu ya kuigiza ndani ya kompyuta) na system-images zake: kwa 9GB usiziguse. Picha moja ya mfumo inaweza kupita gigabaiti moja ikiwa bado imefungwa, na ukiifungua inatanuka. Tumia simu ya kweli kwa waya.

Baada ya hapo, ukitaka kujua usakinishe nini, anzia mwisho urudi nyuma. Google Play inataka masasisho ya programu yalenge API 35 tangu tarehe 31 Agosti 2025. Kwa hiyo compileSdk ni 35. Ili plagini iifahamu 35 inatakiwa iwe angalau 8.6. Plagini 8.6 inataka Gradle 8.7 au zaidi, inataka JDK 17 (yaani Java 17), na build-tools yake ni 34.0.0. Umeona? Ile 34.0.0 uliyoilaumu ndiyo utakayoitumia. Na ugomvi wa Java mbili unakwisha wenyewe, kwa sababu sdkmanager mpya na Gradle mpya zote zinataka 17.

Ila usiruke kutoka 4.2 hadi 8.6 kwa mkupuo. Utapata makosa ishirini kwa pamoja usijue lipi limezaa lipi. Pitia 7.4 kwanza. Hiyo inatumia Gradle 7.5 na JDK 11, build-tools 30.0.3, na inaijua API 33. Hakikisha inajenga, programu inafunguka kwenye simu, weka komiti (hifadhi hatua hiyo kwenye hazina ya msimbo). Ndipo uende 8.6.

Kwa kipindi hicho cha katikati, Java zote mbili ziache kwenye laptopu na usibadilishe chochote kwenye mipangilio ya Windows. Fungua dirisha moja la amri kwa ajili ya mradi:

```
set JAVA_HOME=C:\Java\jdk-11
gradlew --stop
gradlew assembleDebug
```

Amri ya set inaishi ndani ya dirisha hilo tu. Dirisha la pili lielekeze jdk-17, na humo ndimo utaendeshea sdkmanager. Ile `--stop` usiiruke, kwa sababu Gradle huacha mchakato wake ukiendelea chinichini.

Kuhusu latest-2. Uliendesha sdkmanager iliyomo ndani ya latest, ukaiambia isasishe kila kitu, pamoja na latest yenyewe. Windows hairuhusu faili linalotumika lifutwe au libadilishwe. Ni kama kumwambia fundi ang'oe ngazi aliyosimama juu yake. Toleo jipya likakosa pa kukaa, likawekwa pembeni kwa jina latest-2. Ndani yake kuna package.xml inayojitambulisha kuwa ni `cmdline-tools;latest`, lakini folda ina jina lingine, na onyo lako linasema hilo tu.

Kurekebisha: funga madirisha yote ya amri. Fungua latest-2 uhakikishe ina bin na lib, na zina vitu ndani. Kisha, kwa kutumia kidirisha cha kawaida cha faili, badili jina la latest liwe latest-zamani, na latest-2 liwe latest. Rudisha PATH ielekee latest\bin. Ikifanya kazi, hamisha latest-zamani nje ya SDK kabisa au uifute. Usiiache ndani ya cmdline-tools, itasababisha onyo lilelile kwa jina lingine.

Mbeleni, ukitaka kusasisha latest, tumia sdkmanager isiyokaa ndani ya latest. Mimi huweka toleo la namba, kwa mfano:

```
sdkmanager --install "cmdline-tools;13.0"
```

Hilo linakaa kwenye folda ya 13.0. Nikitaka kusasisha latest naendesha sdkmanager iliyomo ndani ya 13.0. Na alama za nukuu (" ") usizisahau. Kwenye Linux, nukta-mkato bila hizo alama inaikata amri katikati na unapata makosa yasiyo na maana.

La mwisho, acha kabisa `--update` bila kujua itagusa nini. Taja kipande unachokitaka kwa jina na namba.

---

radi21 alijibu:

Jiwe, nimekuelewa, na nafuta kauli yangu. Nimekwenda kuangalia mradi wangu, kweli dx.bat bado ipo pale na sikuwa nimemwambia mtu. Kesho napandisha plagini.

---

nyota_ya_asubuhi alijibu:

Naongeza dogo kuhusu PATH, kwa kuwa dada upepo ameibadilisha mara kadhaa. Andika:

```
where sdkmanager
where adb
```

Ikitoka mistari miwili au zaidi, wa juu ndio unaotumika. Nimeona watu wengi wana adb mbili, moja ya SDK na nyingine iliyokuja na programu ya kuunganisha simu. Dalili yake ni ujumbe kwamba toleo la seva ya adb, mathalani 41, halilingani na la mteja, mathalani 39, kisha seva inauawa na kuwashwa upya. Kila zana ikiamka inaua ya mwenzake, simu inaonekana, inapotea, inaonekana. Watu hulaumu waya. Nilibadilisha waya mbili kabla sijaandika hiyo where.

Na kama una folda ya tools\bin ya miaka ya nyuma kwenye PATH, iondoe. Ile sdkmanager ya zamani haifanyi kazi kwenye Java 11 wala 17. Inalalamika kuhusu javax/xml/bind, sehemu iliyokuwa ndani ya Java 8 na ikaondolewa kabisa kwenye Java 11.

---

mkoba_wa_nyaya alijibu:

Mimi nafanya kazi na kikundi cha watu sita, na mtandao wetu haustahimili kila mmoja kupakua. Kwa hiyo mmoja anapakua na wengine tunanakili kwa flashi. Dada, kwa kuwa umepakua kitu kilekile mara tatu, huenda hili likakufaa.

Folda ya platforms\android-35 unaweza kuibeba kama ilivyo kutoka mashine yoyote, hata kutoka Linux kwenda Windows, maana ndani yake hakuna programu ya kuendeshwa na mfumo wa kompyuta. Build-tools na platform-tools haziendi hivyo. Zina faili za exe kwenye Windows na za aina nyingine kwenye Linux na Mac, kwa hiyo nakili kutoka mfumo unaofanana na wako.

Beba folda nzima na package.xml yake ndani. Bila hiyo, sdkmanager haitambui kwamba kifurushi kipo na itataka kukipakua tena. Nilishawahi kukuta mwenzetu amenakili android.jar peke yake, akashangaa kwa nini Gradle inaomba mtandao.

Kuna pia folda ndogo iitwayo licenses. Ukikubali masharti kwa `sdkmanager --licenses`, humo linaandikwa faili android-sdk-license lenye mstari wa herufi na tarakimu 40. Bila hilo, Gradle inakataa kusakinisha kipande kinachokosekana na kusema leseni hazijakubaliwa. Kwenye mashine ya kujengea isiyo na mtu wa kubonyeza y, tunaiweka folda hiyo mapema. Lakini kila mtu kwenye kikundi tulikaa tukasoma masharti kwanza, hilo nalisema kwa uzito.

Na kwa ajili ya diski yako: kwenye mzizi wa SDK angalia kama kuna folda .temp na .downloadIntermediates. Upakuaji uliokatika huacha mabaki humo. Hakikisha hakuna sdkmanager wala Gradle inayoendelea, kisha zifute.

---

upepo_wa_kusi alijibu:

Wakuu, nimerudi. Sikuandika mapema kwa sababu nilitaka nirudi na majibu na si maswali mengine.

Kwanza latest-2. Nilifunga kila kitu, nikabadili majina kama Jiwe alivyoelekeza. Jaribio la kwanza Windows ikakataa, ikasema folda inatumika. Ilikuwa dirisha moja la amri nililolisahau nyuma ya kivinjari, limesimama ndani ya latest\bin. Nilipolifunga, jina likabadilika, onyo likatoweka.

`where sdkmanager`, niliyoiandika kabla ya kubadili majina, ilinitolea mistari mitatu! Ya kwanza ilikuwa latest-2, ya pili latest, na ya tatu tools\bin ambayo sikumbuki kuiweka. Nimebakiza mmoja.

Kwenye .downloadIntermediates nilikuta mabaki ya picha ya mfumo ya emuleta ambayo niliikatisha katikati wiki iliyopita. Diski imerudi kutoka 9GB hadi karibu 11.

Sasa mradi. Nilifuta buildToolsVersion, nikarudi 4.2 na Java 11, ikajenga bila kelele. Nilikaa naitazama ile BUILD SUCCESSFUL kwa muda. Nikaweka komiti hapo.

Kwenda 7.4 kulinipa kazi mahali pawili. Maktaba moja ilikuwa inatafutwa jcenter(), hazina ya maktaba ambayo ilishafungwa. Nikaikuta ileile kwenye mavenCentral(), namba ileile, nikabadilisha mstari mmoja. Kisha nilipopandisha targetSdk hadi 33, ujenzi ukakataa na kudai android:exported. Nikasoma kwamba kuanzia API 31 kila activity, service au receiver (sehemu za programu) yenye intent-filter (tangazo la miito inayoipokea) lazima itamke waziwazi kama programu nyingine zinaruhusiwa kuiita. Hapa sikujaza true kila mahali ili kosa liondoke. Nilikaa nazo moja moja. Receiver mbili kati ya nne hazikuwa na sababu yoyote ya kuitwa kutoka nje, nikaziandikia false. Kwa miaka yote hii zilikuwa wazi, maana zamani kuweka intent-filter peke yake kulitosha kuifungua.

Kwenda 8.6: Java 17, Gradle 8.7. Ikaja "Namespace not specified". Nikahamisha jina la kifurushi kutoka kwenye manifest (faili ya utambulisho wa programu) nikaliandika kwenye build.gradle kama namespace. Kisha BuildConfig ikapotea, kumbe tangu 8.0 haitengenezwi mpaka uiombe. Nikaongeza:

```
buildFeatures {
    buildConfig true
}
```

Ikajenga. Jambo lililonishangaza ni kwamba Gradle yenyewe iligundua build-tools 34.0.0 haipo, kwa kuwa nilishaifuta kwa hasira, ikaipakua bila kuniuliza. Hiyo ni kawaida?

---

jiwe_la_msingi alijibu:

Hongera sana dada. Na hizo receiver mbili ulizozifunga zimenifurahisha kuliko hata kujenga kwenyewe. Watu wengi wanaandika true kote na kupita.

Ndiyo, ni kawaida. Leseni ikiwa imekubaliwa, plagini hujipakulia platforms na build-tools inazokosa. Kwenye laptopu ni msaada. Kwenye mashine ya kujengea matoleo mimi naizima, kwa sababu nataka kijulikane mapema kilichomo na nisishtukizwe na upakuaji katikati ya ujenzi. Ni mstari mmoja kwenye gradle.properties:

```
android.builder.sdkDownload=false
```

Ukiuweka, kipande kikikosekana ujenzi unasimama na kukitaja kwa jina. Kisha unakisakinisha mwenyewe kwa sdkmanager.

Sasa ondoa usivyohitaji. Kama mradi wote uko 8.6, 30.0.2 na 30.0.3 hazina kazi kwako, wala platforms za 30 na 33. Usizifute kwa kidirisha cha faili, tumia --uninstall. Halafu tuoneshe `sdkmanager --list_installed`.

---

upepo_wa_kusi alijibu:

Nimeondoa. Nimebakiwa na hivi tu, nimeacha nje safu ya maelezo na ya namba za matoleo:

```
build-tools;34.0.0
cmdline-tools;13.0
cmdline-tools;latest
platform-tools
platforms;android-35
```

Mistari mitano. Juzi ilikuwa kumi na saba na sikujua nusu yake inafanya nini. Hii nimeinakili kwenye README ya mradi, pamoja na namba ya JDK, ya Gradle na ya plagini, ili atakayekuja baada yangu asianze pale nilipoanzia mimi.

Nimeweka programu kwenye simu ya Android 15. Inafunguka, inaingia, data za zamani zipo. Ila upau wa juu umepanda mpaka chini ya saa na alama ya betri, maandishi yamebebana. Nimeona ni tabia ya kulenga 35: skrini nzima inatumika mpaka ukingoni na programu inatakiwa iache nafasi yenyewe. Hilo nitalifungulia mada yake, nikishajaribu mwenyewe kwanza.

---

nyota_ya_asubuhi alijibu:

Ukiifungua weka picha mbili, moja ya simu ya Android 14 na nyingine ya 15, na layout ya ule ukurasa. Nitaipitia.